Nilisema Ametoa Hewa

Niliingia duka lile la dawa kwa ajili ya vidonge vya presha, sikuwa namtafuta mtu. Liko Manundu, pale Korogwe mjini, mlango umepakwa bluu, kabati la kioo limeziba njia, na nyuma ya kabati alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Nikamsalimia, akaitikia, akapokea cheti changu akaanza kukisoma, kisha akaacha kukisoma akanitazama mimi. "Handeni," akasema. "Handeni ya wapi?" Nikamtajia kijiji. Akavua miwani. "Wewe si mkwe wa yule mzee wa utumbo?" Miaka zaidi ya thelathini imepita, nimenenepa, meno mawili ya mbele sina, na bado alinijua kabla mimi sijamjua. Alikuwa Sista Anjela. Nilimtambua kwa sauti, maana uso umebadilika lakini sauti ni ile ile ya wodini, ya mtu asiyeharakisha neno. Hakunifokea. Alisema tu: "Mwezi uliopita kuna mama wa huko kwenu alichukua dawa ya mtoto hapa. Mwenzake akamnong'oneza, akairudisha. Nikamwuliza kulikoni, mama? Akasema, wanasema wewe ndiye nesi uliyemuua mzee wake Hemedi. Hivi bado mnanisema hivyo?" Hemedi ni mume wangu. Nikasema gari langu linaondoka. Hakukuwa na gari. Nilitoka nikaacha hata cheti juu ya kioo, nikatembea mpaka stendi bila vidonge, nikakaa kwenye benchi kama mtu aliyeiba.

Nimesoma mpaka la saba tu. Naandika kwenye daftari kwa sababu nikisema kwa mdomo maneno yananigeuka, naanza kujitetea, na daftari halinitetei. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala niliolewaje. Hayo hayana kosa. Nitaeleza mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, na binti yangu wa kwanza, Zuhura, anaanza kutambaa. Nikikosea mahali ni kwa kusahau. Yale ninayoyakumbuka vizuri ndiyo mabaya, nayo nimeyaandika kama yalivyo, au nimejaribu.

Baba mkwe aliugua wakati wa kuvuna mahindi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayekaa na mgongo umenyooka hata akiwa peke yake. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo chakula chake nilipika mimi, na kila siku nilikiweka mbele yake nikiwa nimepiga magoti, nikaondoka akiwa bado hajaanza kula, maana kwetu mkwe hamtazami mkwewe akitafuna. Siku tatu chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Ya nne tumbo lilikuwa limejaa limekaza kama ngoma iliyowambwa juani, haendi chooni, anatapika kitu cha kijani, na bado hakusema anaumwa. Hemedi alitafuta pikapu, tukamlaza kwenye godoro nyuma, tukaenda naye Korogwe, mimi nimekaa kona ya mwisho nimeshika ncha ya godoro ili nisimguse yeye. Hospitali siitaji jina. Watu wake walitufanyia wema kuliko sisi tulivyowafanyia.

Alipasuliwa siku ile ile. Daktari alitoka bado amevaa kofia, akatukuta kwenye korido, akachukua mpira wake wa kusikilizia moyo akausokota mbele ya macho yetu. "Utumbo wake ulijisokota hivi. Damu haikupita, kipande kikafa. Nimekikata, urefu kama mkono huu wangu, nikazichukua ncha mbili zilizo hai nikaziunganisha." Hemedi akamwuliza kama zitashikana. "Zikiachwa zipumzike," daktari akasema. "Uzi wangu unashika kwa siku chache tu. Baada ya hapo mwili wenyewe ndio unashika." Nilimwelewa haraka kuliko Hemedi, kwa kuwa nilikuwa nashona mikeka, na najua ukili ukiuvuta kabla mshono haujakaa unafumuka palepale. Sisemi hili kujisifu. Nalisema ili isije ikaonekana kwamba sikuelewa.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili, ukuta nusu kijani nusu mweupe, madirisha yanatazama banda la bati ambako ndugu wa wagonjwa tulipika. Kila mtu na mafiga yake matatu. Moshi ulikuwa unaingia wodini na harufu ya dagaa na makande, na wagonjwa walikuwa wakibishana nani kapikiwa nini. Baba mkwe alikuwa na mpira puani, haruhusiwi hata maji. Nililowesha pamba nikampa ajipake mwenyewe midomoni. Kitanda cha pili alilala Mzee Kiondo, Msambaa wa huko juu, mguu umetundikwa kwa kamba na jiwe, mdomo haujatundikwa. Siku Sista Anjela alipotueleza kwamba mzee hatakula mpaka atoe hewa, Hemedi aliuliza hewa gani. "Ushuzi, baba," Sista akasema, bila kucheka. "Ukitoka, ndiyo tunajua utumbo umeamka, njia ni moja." Mzee Kiondo akacheka mpaka kamba ikatikisika. "Haya Mzigua, hapa ndipo mahali pekee duniani mtu akijamba anapewa hongera! Toa basi, ndugu yangu, toa tusikie, mkwe wako akukorogee uji!" Wodi nzima ikaangua kicheko. Baba mkwe aligeuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikalitazama beseni.

Sista Anjela alikuwa amenizidi miaka mitatu minne tu. Aliniona nimelala bandani na kanga moja, na siku ya pili, zamu yake ilipoisha saa nane mchana, akanichukua mpaka chumbani kwake Masuguru nikaoge. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda kina shuka jeupe kama la hospitali, pazia la maua limegawa sehemu ya kulala na sehemu ya kupikia, jiko la mafuta juu ya kreti ya soda. Alinipikia wali na maharage ya nazi, akanikataza kuosha sahani. Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili mke na mume walikuwa wakigombana kuhusu nani aliyeacha mlango wazi kuku akaingia, na Sista alikuwa akiwajibu kwa sauti ndogo, mara upande wa mke, mara upande wa mume, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Akaniambia jina lake limepelekwa kwenye kozi ya chumba cha upasuaji. "Nataka nisimame pale mezani, Mama Zuhura. Daktari anyooshe mkono tu, mimi nishajua anataka mkasi gani." Alinyoosha mkono wake kunionyesha, kijiko cha wali ndiyo mkasi. Nilikula kwake siku nne mfululizo. Hesabu hiyo naikumbuka.

Siku ya tatu Hemedi alirudi Handeni. Mahindi yalikuwa bado shambani na nguruwe pori wameshaanza kuingia. Simlaumu kwa hilo, tungekula nini. Nikabaki peke yangu na baba mkwe. Kuogeshwa aliogeshwa na mhudumu mwanamume, mimi kazi yangu ilikuwa maji ya moto, pamba, kufua, na kujibu nikiulizwa. Sasa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu. Mwanamke wa kwetu hawezi kumwuliza mkwewe swali lile. Si kwamba ni vigumu. Halipo, mdomo hauna njia ya kulitamka. Na yeye asingeweza kulitoa jambo lile mimi nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kitandani. Nilianza kutoka nje kila baada ya muda, nakaa bandani, narudi nimekohoa kwanza mlangoni, ili nimpe nafasi. Lakini nikirudi nitajuaje? Uso wake ulikuwa ule ule.

Asubuhi ya siku ya nne Sista Anjela alikuja na faili. Mzee Kiondo hakuwepo, walikuwa wamemsukuma kwenda kupigwa picha ya mguu, na hilo nalitaja kwa sababu yeye angeweza kuuliza kwa niaba yangu, angeuliza hata kwa kuimba, na mimi ningeweza kusema subiri arudi. Sista akainama kidogo, akanong'ona, kwa heshima kabisa: "Mama Zuhura, mzee ametoa hewa?" Baba mkwe alikuwa macho, anatazama dari. Alisikia. Nikasema, "Ndiyo, Sista." "Lini?" "Alfajiri." "Mara ngapi?" Nikasema, "Mara mbili."

Nimejiuliza sana kwa nini. Kwanza ni kuona haya, hilo ni kweli. Pili nilimwonea huruma, macho yake yalikuwa yanafuata kila kikombe kilichopita wodini. Lakini kuna la tatu, nalo sikulisema kwa mtu: maziwa yalikuwa yananiuma kifuani, nilimtaka mtoto wangu niliyemwacha kwa jirani, na nilijua akianza kula siku zetu za kurudi zitakaribia. Ile "ndiyo" naweza kuiita haya. "Mara mbili" siwezi. Mtu aliyeshikwa na haya hatafuti idadi.

Sista akaandika. Daktari alipopita akasoma, akamwuliza baba mkwe, "Mzee, tumbo limefunguka, eeh?" Baba mkwe akafumba macho, na daktari, akiwa na haraka ya wagonjwa wengine, akalichukua hilo kuwa jibu. Mpira wa puani ukatolewa. Mchana nikakoroga uji mwepesi, nikapiga magoti, nikampa kikombe kwa mikono miwili. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama tangu niolewe. Kisha akasema bismillahi, akanywa, akamaliza, akanirudishia kikombe akasema, "Ahsante, mwanangu." Siku zote alikuwa akiniita mkwe. Nilifurahi. Niliosha kile kikombe huku najiimbia.

Siku mbili baadaye homa ilipanda, tumbo likarudi kukaza, na kidonda kikaanza kutoa kitu ambacho pua ilikijua kabla ya macho. Pale walipounganisha palikuwa pameachia. Hemedi alitumiwa salamu kwa dereva wa basi, akafika jioni, akakaa na baba yake peke yao, mimi nikasubiri nje. Asubuhi wakamfungua tena. Safari hii daktari hakuziunganisha zile ncha; alitoa moja nje ya tumbo, ubavuni kushoto, choo kitokee hapo. Akatuambia baada ya miezi mitatu tumrudishe, akipata nguvu atamshona upya.

Siku ya pili yake tuliitwa ofisini kwa metroni. Chumba kidogo, kalenda ukutani, meza ina kitambaa cha kufuma na juu yake faili la baba mkwe limefunguliwa. Daktari alisimama dirishani. Sista Anjela alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Hemedi alibaki mlangoni, nyuma yangu. Metroni akasema, "Mama, Sista anasema ni wewe uliyemwambia mgonjwa ametoa hewa alfajiri, mara mbili. Ulimwambia hivyo?" Nilisikia pumzi ya Hemedi nyuma ya shingo yangu. Nikasema, "Hapana, mama. Nilimwambia sijui, amwulize mwenyewe." Nilisema vizuri, bila kutetemeka. Metroni akamgeukia Sista. Sista hakumtazama metroni, alinitazama mimi, akasema polepole, "Mama Zuhura. Umekula kwangu siku nne." Basi. Daktari akasema hilo halihusiani na faili.

Alipewa barua. Mhudumu wa wodi ndiye aliyenieleza bandani nilipokuwa nafunga vyombo: Sista anahamishiwa zahanati ya mbali huko, na jina lake kwenye kozi limekatwa, amepelekwa mwingine. "Na alikuwa anakupenda kweli yule," mhudumu akasema, akichochea moto wa mwenzangu. Nikamwuliza kama ana chumvi.

Tulimrudisha baba mkwe nyumbani, na miezi saba iliyofuata ndiyo ninayoiota mpaka sasa. Hatukuwa na mifuko ile wanayogawa siku hizi. Nilichana kanga kuukuu, nikafunga vitambaa na mfuko wa nailoni kuzunguka kiuno chake, nikaosha kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Hemedi alijaribu mara mbili akatoka kwenda kutapika nyuma ya nyumba, wifi zangu wako mbali kwa waume zao, nikabaki mimi. Mimi niliyeshindwa kumwuliza neno moja nilikuwa sasa namwosha mlango wa utumbo wenyewe, mwekundu, unaocheza kama kitu chenye uhai. Nao ulikuwa ukitoa sauti. Mtu haamui, inatoka tu, mbele ya mkwe, mbele ya wageni. Mara ya kwanza alifumba macho na chozi likateremka mpaka sikioni. Nikajifunza kugonga sufuria. Nikisikia inaanza, nagonga sufuria na mwiko kama ninayekung'uta ukoko. Tuliishi hivyo, yeye akijifanya hajasikia sufuria, mimi nikijifanya sijasikia lile jingine. Msikitini aliacha kwenda. Shehe alikuja mwenyewe kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa, sala yake inakubaliwa. Akasikiliza, akashukuru, akaendelea kusali peke yake chumba cha nyuma. Ile saa moja ya fedheha niliyomwepusha hospitalini, aliilipa kila siku. Miezi mitatu ilipofika alikataa kurudi Korogwe. Alikufa mvua za mwaka zilipoanza, kwa homa, na sijui ilikuwa homa gani.

Niwe wa haki hata kwangu mwenyewe. Mwaka juzi nilimwuliza tabibu kijana wa zahanati yetu, nikijifanya naulizia mtu mwingine. Akasema, "Bibi, mishono ya utumbo inaachia kwa mambo mengi. Damu haifiki vizuri, mtu mzima, utumbo ulishachoka. Siku hizi wengine tunawapa uji mapema hata kabla ya hiyo hewa." Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi, nikanunua hadi miwa. Nilipofika mlangoni nikagundua alichonijibu ni habari ya uji. Ya ofisini sikumwuliza, kwa kuwa hiyo haihitaji tabibu.

Na ya ofisini ndiyo iliyoendelea kuishi. Siku ya arobaini ya mzee, Hemedi aliwaambia watu kwamba baba yake ameuawa na uvivu wa nesi wa Korogwe, aliyeandika jambo ambalo hakuliona. Akalisema tena kwenye misiba mingine, na kwenye kahawa, na kila mara mtu akipata rufaa ya kwenda huko. Miaka ilivyokwenda hadithi ikapata mikono na macho, nesi akawa anasuka nywele wakati mgonjwa analia njaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikileta sinia. Niliweka sinia, nikasikiliza mpaka wapi amefika, nikarudi jikoni.

Basi wiki ile niliyotoka Manundu bila vidonge, Ijumaa baada ya sala, walikuja rafiki zake wawili kula kwetu. Mmoja akasema binti yake anatakiwa kwenda kupasuliwa Korogwe. Hemedi akaweka tonge chini. "Mwangalie sana nesi," akaanza. "Baba yangu mimi..." Nilikuwa mlangoni na bakuli la mchuzi. Nikasema, "Baba Zuhura, si kweli." Akageuka. "Nini?" "Nesi hakuandika jambo la kutunga. Nilimwambia mimi. Nilimwambia ametoa, nami nilikuwa sijui. Halafu ofisini nikakana." Bakuli lilikuwa linanichoma vidole, sikuona mahali pa kuliweka. Wale wageni walikuwa watu wazima wenye adabu. Mmoja akasema chakula kimekuwa kitamu sana, mwingine akatafuta viatu vyake, wakaondoka wali ukiwa nusu.

Hemedi akasukuma sinia kando. Nilingoja anifukuze, au anipige, ingawa hajawahi. Akasema, "Baba aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Ile jioni niliyofika, kabla hawajamfungua mara ya pili. Akaniambia, sikutoa. Mkeo alisema nimetoa, nikanyamaza. Alinipa uji nikanywa. Usimwaibishe mtoto wa watu." Akafuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Akanishika mkono hapa. Nikamwahidi."

Kwa hiyo alikunywa akijua. Lile jicho refu, lile "mwanangu", nilikuwa nimeyaweka miaka yote kama zawadi. Nikamwuliza Hemedi, "Na ofisini ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niseme vile, na yeye amesimama pale."

"Ulitaka niseme nini? Nimwambie metroni mke wangu mwongo?"

"Na misibani je? Nani alikulazimisha kusema misibani?"

Akanyanyua uso. Ana miaka sitini na tano mume wangu, sijawahi kumwona na uso ule. "Watu waliuliza baba kafa na nini," akasema. "Ulitaka nimseme nani?"

Mimi niliulinda uso wa baba mkwe, baba mkwe akaulinda wangu, Hemedi akatulinda wote wawili, na kila mmoja alipotafuta mahali pa kuutupa mzigo alimwona yule yule, msichana wa Kikristo wa milimani asiye ndugu yetu, aliyetupikia wali.

Jumatatu tulikwenda Korogwe. Njiani alinunua maji akanipa chupa nikanywa. Dukani kulikuwa na mteja mmoja, tukasimama nje mpaka akatoka. Sista Anjela alituona kwenye mlango akaacha alichokuwa anafanya. Cheti changu kilikuwa bado pale, amekibana ukutani kwa pini. Hemedi akavua kofia. Amemzidi Sista miaka isiyopungua saba, na kwa desturi zetu yeye ndiye wa kusalimiwa kwanza. Akasema, "Shikamoo, Sista."

Sista alimtazama kichwa chenye mvi, kisha akanigeukia mimi. "Mmekuja wawili."

Nikamweleza yote, nimesimama, nikishika ukingo wa kabati. Nilisema na lile la maziwa kifuani, na kwamba nilipoambiwa habari ya barua yake sikulia. Nilipofika kwa Hemedi na maneno ya baba yake akaninyooshea kiganja nisimame.

"Huyu naye alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaitwa ofisini."

Alikaa kwenye kiti chake. Akaitoa miwani, akaifuta kwa gauni, akaivaa, akaitoa tena. Hemedi akasema Ijumaa atasema msikitini watu wakitoka, atawaambia wote, atataja jina lake. Sista akasema, "Ukiwaambia utakuwa umewaambia wao. Barua yangu iliandikwa nikiwa na miaka ishirini na sita." Hakuinua sauti. Nje pikipiki zilikuwa zinaita abiria, na jua la saa sita limeingia mpaka kwenye miguu yetu.

"Siwasamehe leo," akasema. "Sijui kesho. Lakini kaeni, hilo jua kali."

Kulikuwa na benchi la wateja. Tukakaa, mimi na mume wangu, magoti pamoja. Akaingia mama na mtoto anayekohoa, Sista akainuka, akaweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto, akamwuliza mama maswali yake matatu, na kila moja akalirudia akimtazama mtoto mwenyewe. Walipoondoka akachukua cheti changu ukutani, akanihesabia vidonge vyangu vya presha, akaandika asubuhi kimoja, akanipa. Shikamoo ya mume wangu hakuiitikia, naye hakuidai.